Rangi ya Kamba, Uso wa Nasra

Kamba akiiva huwa mwekundu. Mtoto wa delta ya Rufiji analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nimeolewa, nimezaa, na nikiwa na miaka ishirini na minne nikashindwa kulijua.

Naandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, kwa ajili ya mwanamke aliyeko dagoni sasa hivi na msokoto wa tumbaku kidoleni, anayejiambia macho yake yamechoka tu. Hayajachoka, dada. Soma. Kama huwezi tena kusoma, mtu akusomee, wala usione haya. Mimi nimesomewa mpaka kadi yangu ya kliniki.

Dago ni kambi ya msimu. Kamba wakiwa wengi tunahama kijijini, tunasimamisha vibanda vya makuti kando ya mikoko, wanaume wanaingia majini na nyavu, wanawake tunachemsha na kuanika. Usubi wa huko hauumi, unachoma. Chandarua cha kawaida hakiuzuii, unapenya. Kwa hiyo tunashona chandarua cha kitambaa kizito, kama chumba kidogo cha nguo, na jua likishuka mtu mmoja anaingia, anafunga kila upande, anavuta tumbaku na kupuliza mpaka humo ndani haonekani mtu wala mto. Usubi unakufa au unakimbia. Kisha familia nzima inaingia kulala, na moshi wake. Kazi hiyo tunaiita kufukiza, na kwetu ilikuwa yangu.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, mwaka ule nilioolewa na mwanawe Shamte. "Usimeze, mwanangu," aliniambia. "Unapuliza tu." Uongo mtupu. Hakuna anayepuliza tu. Mwaka wa kwanza nilikohoa. Wa pili nilizoea. Wa tatu nilikuwa nafukiza asubuhi, saa ambayo hakuna usubi hata mmoja, nimejificha nyuma ya tanuri la kamba, nimesokota kwa karatasi za daftari langu la baiolojia. Lile daftari lilikuwa na mchoro wa jicho. Sikumbuki kama niliuvuta, na sitaki kukumbuka.

Sitajitetea kwamba kufukiza si kuvuta. Nilikuwa mvutaji. Misokoto minane, tisa kwa siku, na hiyo ndiyo niliyoihesabu. Tumbaku ikanikatia njaa, nikawa nashinda na chai ya rangi na kipande cha muhogo, huku nimezungukwa na kamba sifikiri hata kumtia mmoja mdomoni.

Ndipo siku moja nikakoroga sufuria, nikaona kamba wamebaki rangi ya udongo. Nikaongeza kuni. Udongo. Mikono ikaniuma, nikaipua. Kesho yake nikaogopa kuunguza, nikaipua mapema. Bi Mwanaidi alimchukua kamba mmoja, hakumwangalia hata kidogo, akamng'ata na kutema.

"Mama Nasra! Unataka kutuharisha dago zima?"

"Mama, si wameiva?"

"Wameiva wapi? Huyu ukimrudisha majini anaogelea!"

Jirani yetu wa kibanda cha pili akadakia, "Afadhali wa leo mama, wa jana alituchemshia kandambili." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mjinga unacheka na wenzako.

Baada ya kamba, uso wa mwanangu.

Nasra alikuwa na miaka mitano. Nikimtazama usoni, katikati pana ukungu. Naona masikio, naona kidevu, naona ushanga wa shingoni. Macho yake hayapo. Nikiyatafuta, ukungu unayafuata. Nikifikicha, haufutiki. Hakuna maumivu, hakuna tongo, hakuna wekundu. Ndiyo maana nilikaa kimya muda mrefu, kwani nani anakwenda hospitali kwa kitu kisichouma?

Nasra aligundua kabla sijamwambia mtu. Aliniletea kidole chenye mwiba, nikawa nakikodolea kama bundi. Akaniangalia, akazunguka ubavuni mwangu, akainua kile kidole usawa wa sikio langu.

"Huku unakiona, mama?"

Nilikiona. Tangu siku ile alikuwa hasimami mbele yangu akitaka kusema nami. Anasimama kando, anageuza shavu, kama kuku anayechungulia punje. Hakufundishwa na mtu. Hivyo ndivyo nilivyoamini wakati ule.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Shamte alisema ni usingizi. Bi Mwanaidi alinipeleka kwa mwalimu wa madrasa akaniandikia kombe, nikanywa siku saba. Mchuuzi wa stendi ya Kibiti alinivalisha miwani kumi na moja, ya kumi na mbili nikaichukua kwa aibu, nikawa naona ukungu uliokuzwa. Na jioni zote hizo nikiingia kwenye chandarua, nikifunga, nikivuta.

Masika yalipoanza tulikwenda kliniki ya macho Kibiti, mimi na mama mkwe. Benchi limejaa wazee wa mtoto wa jicho, kila mmoja na kijana wake wa kumshika mkono. Bibi mmoja akaniuliza, "Umemleta nani, mjukuu?" Nikamjibu, "Nimejileta." Akasema, "Eeh, pole," akanimegea nusu ya andazi lake. Zile herufi za ukutani zilizoelekea huku na huku, nikasoma kubwa ya juu tu, na hiyo kwa kuikisia.

Daktari alikuwa mwanamama mtu mzima, sauti yake ya polepole. Aliniuliza mengi. Kisha: "Unatumia sigara, tumbaku, aina yoyote?"

Bi Mwanaidi amekaa bega kwa bega nami, ameshika kadi yangu. Alitazama mlango. Alijua, tena kuliko mtu yeyote duniani.

"Hapana," nikasema.

Neno hilo moja lilinilia masika yote. Nilitumwa Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa, kutafutwa uvimbe ambao haukuwepo. Nililala kwenye ule mtambo unaogonga kama karakana, nikimwomba Mungu anisamehe, na nilipotoka kitu cha kwanza nilichotamani ni msokoto. Andika hilo, nilijiambia, siku ukiandika usiliruke. Nilikuwa napofuka na bado naitamani.

Tuliporudi Kibiti na majibu, daktari alisoma karatasi, akaniomba mikono. Akaishika kidole kwa kidole. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Bibi, naomba utusubiri nje kidogo."

"Mimi ndiye mama yake," akasema Bi Mwanaidi.

"Najua. Tusubiri kidogo."

Mlango ulipofungwa, yule mama akaniambia, "Mimi si shekhe, wala si mkwe wako. Sitaki kujua unaswali mara ngapi. Nalitaka jicho lako. Hiki kidole kina rangi ya nini?"

Nikalia. Nikamwambia yote, chandarua, tanuri, daftari. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Sitakupa somo la udaktari, sina. Nitakupa alivyonieleza. Moshi wa tumbaku una sumu zake. Zinaingia kwenye damu, damu inazipeleka nyuma ya jicho, kwenye ngozi laini inayopokea picha. Chembe hai za pale, zile zinazochukua sura ya mwanao na kuipeleka kichwani, zinanyimwa pumzi. "Na wewe huli," akasema. "Chembe isiyolishwa itapigana na sumu kwa nguvu ipi?"

"Zimekufa?"

"Zingine zimekufa, hizo hazirudi. Zingine zimezimia. Ngapi ni ngapi hatutajua mpaka uache. Leo, si kesho."

Nikauliza kuhusu Nasra, maana alilala humo kwenye moshi tangu kuzaliwa. Akataka aletwe apimwe. Macho yake yalikuwa mazima. Kifua ndicho kilikuwa kinakoroma. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikajipiga kibao. Muuguzi aliyekuwa anapita akaushika mkono wangu, akasema, "Basi mama, sindano zinakutosha."

Sindano za vitamini alizoniandikia daktari zilikuwa za kila siku kwanza, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Kwa hiyo ilibidi nikae penye barabara kuu ya kwenda Kibiti, kwa mama yangu Bungu. Kikao kikakaliwa. Nikasema nakwenda na mwanangu. Bi Mwanaidi akasema hapana.

"Barabara ile magari yanapita kama yamechokozwa. Mama asiyeona atamshikaje mtoto?"

"Mama yangu yupo."

"Mama yako anashinda gengeni na machungwa yake. Mtoto abaki kwa bibi yake."

Nikamtazama Shamte. Shamte akatazama miguu yake. Sijui kuna nini chini pale, wanaume wa kwetu hukipata kila penye kikao.

"Mpaka lini?" nikauliza.

Bi Mwanaidi akasema, mbele ya watu, "Siku utakayosimama kwenye sufuria yangu ukanipambanulia kamba mbichi na aliyeiva, siku hiyo mchukue mwanao."

Nasra alinisindikiza mpaka gatini, ubavuni kwangu, shavu limegeuka. Nikamshika uso kwa mikono miwili nikamweka mbele yangu. Nilitaka kuondoka nao ule uso. Nikaona masikio na ushanga.

Bungu nililala na kuamka na tamaa mbili, ya tumbaku na ya mtoto. Ya tumbaku ilikuwa na makelele. Ilinitetemesha, ilinifanya nimjibu mama yangu mzazi maneno ambayo mtoto hasemi. Ya mtoto ilikuwa kimya, inakaa hapa, chini ya ziwa la kushoto. Ya kwanza ilianza kupungua mikorosho ilipochanua. Ya pili haijui mikorosho.

Mama alinilisha kama bata. Mayai, maini, dagaa, mchicha. "Fumbua," ananiambia, "ulikuwa unajua kufumbua mdomo kwa mambo mengine." Shamte akija kunitazama, mama anamwonyesha ndoo kabla ya kiti. "Baba Nasra, oga kwanza. Mwanangu hapewi moshi hata wa kwenye shati." Alikuwa anaoga, ananuna, lakini anaoga.

Kule kijijini kwetu, kisiwani, simu inashika juu ya kichuguu nyuma ya msikiti. Kila Ijumaa Shamte alimpandisha Nasra pale.

"Mama, umeshaona?"

"Bado, mwanangu."

"Basi lala halafu uamke."

Ijumaa nyingine: "Mama, nimepata kamba mwenye ndevu ndefu kama za imamu." Nyingine hakusema, alihema tu, nikamsikiliza anavyohema. Kifua kilikuwa hakikoromi. Nikajua kuna mtu kule ameacha kufukiza, wala hakuniambia.

Muuguzi wa sindano, yule aliyenishika mkono, alikuwa na mchezo wake. Ile dawa ni nyekundu, watu wote wanasema nyekundu. Kabla ya kunichoma alikuwa anaiinua dirishani.

"Bibi harusi wangu, leo rangi gani?"

"Maji ya mtaro."

"Haya, lete mkono."

Sindano za kila siku zikaisha, bado maji ya mtaro. Za kila wiki, chai iliyolala. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lile lile na wazee wale wale, nikahesabu waliotolewa mtoto wa jicho wakatoka wanacheka, mimi nipo. Mmoja akaniambia, "Wewe mtoto umeota mizizi hapa." Ya kwanza ya zile za kila mwezi, kutu. Nikadhani najidanganya. Vuli ilipoanza kunyesha aliinua kichupa, nikakitazama, nikakitazama tena, nikainuka kukisogelea.

"Bibi harusi?"

"Juisi ya rozela," nikasema. "Iliyotiwa maji mengi. Lakini rozela."

Yule mwanamke aliweka sindano chini akacheza pale pale kwenye kachumba, na sare yake nyeupe. Kisha akanichoma. Iliuma kama kawaida.

Daktari hakucheza. Alinipima, akasema katikati pamepungua ukungu, hapajafutika, na huenda pasifutike pote. Chembe zilizokufa ni maiti. Nilimwuliza zingekuwa ngapi kama nisingesema "hapana" siku ile. Akasema, "Usiniulize hilo." Mimi najiuliza kila siku.

Msimu wa kamba uliporudi nikaenda dagoni kumchukua mwanangu.

Nilifika adhuhuri. Nilimwona Nasra kwa mbali, amerefuka, kabeba kata ya maji. Nilisimama nimtazame. Alimpelekea bibi yake penye tanuri. Hakusimama mbele yake. Alizunguka, akasimama ubavuni, akageuza shavu, akainua ile kata usawa wa sikio. Bi Mwanaidi akanyoosha mkono kando, akaipokea.

Mtoto wangu hakukiokota kwangu kile kisimamo. Alikuwa nacho tayari, cha bibi yake.

"Umekuja," akasema Bi Mwanaidi nilipotoa salamu. "Haya. Sufuria hiyo."

Nikasimama. Povu, mvuke, na chini ya mvuke wekundu. Wekundu uliofifia kidogo, ulioliwa pembeni, lakini wekundu. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga.

"Mama," nikamwambia, "kabla sijajibu. Wewe unawaonaje?"

Akachovya upawa, akatoa mmoja, akambonyeza mkia.

"Anajikunja," akasema. "Akijikunja hivi, ameiva."

"Nimeuliza rangi."

Wanawake wa vibanda vingine walikuwa wanaanika. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Rangi," akasema polepole, "niliiacha Shamte hajaoa. Nilidhani ni uzee. Ulipoanza wewe nikajua si uzee." Akageuka, akanitazama pembeni ya uso, upande ambao sasa najua ndio anaouona. "Ungesema kwa daktari, ingejulikana nimekuharibu mimi. Nilitazama mlango ili usinitazame."

Nilikuwa nimebeba hasira yangu mwaka mzima, nimeinoa, nina maneno yangu yote tayari. Nilimfungulia, sitakudanganya. Nilimwambia alininyima mwanangu kwa mtihani ambao yeye mwenyewe ameufeli miaka kumi. Nilimwambia kila jioni aliponipa tumbaku alikuwa anajua. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Kamba wanaungua," na kweli walikuwa wanaungua, tukaipua pamoja.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kibiti wote watatu, mimi, yeye na Nasra. Daktari yule yule, kiti kile kile, safari hii kadi nimeshika mimi.

"Bibi, unatumia tumbaku, aina yoyote?"

Bi Mwanaidi alitazama mlango. Ulikuwa wazi, watu wa benchi wanasikia. Nilifikiri, haya, na yeye hapana yake ni hii. Sikumsaidia. Mungu anisamehe, nilitaka nione.

"Tangu sijavunja ungo," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Nimeacha alipoondoka huyu." Akapapasa akaligusa goti langu. "Na huyu nilimfundisha mimi. Andika na hilo."

Daktari akaandika. Amemwambia sehemu kubwa haitarudi, ni miaka mingi. Amepangiwa sindano hata hivyo, na muuguzi wangu ameshamwita bibi harusi wa pili. Shamte bado anavuta, nje, upande wa upepo. Simfichi. Chandarua kipya tumekishona cha matundu madogo kabisa, usubi unapenya mmoja mmoja, unatuchoma, tunajikuna. Jikuneni. Mwasho hausahaulishi sura ya mtu.

Siku ile ya Kibiti, tulipokuwa tunasubiri dawa, Nasra alitaka kuniambia jambo. Akaja ubavuni kwangu, akageuza shavu.

"Njoo huku mbele."

"Mbele hunioni."

"Njoo tu."

Akaja, anasitasita, kama mtu anayekanyaga tope asilolijua. Nikaona pua. Nikaona mdomo, na ndani ya mdomo mapengo mawili ya juu.

"Meno yameenda wapi?"

"Yametoka zamani, mama. Bibi aliyarusha juu ya paa."

Ule uso niliotaka kuondoka nao gatini haupo tena. Nilikuwa nauwinda uso wa mtoto wa miaka mitano, na mtoto huyo ameshaondoka, moshi umenilia mwaka wake mzima. Huyu ni mwingine, mkubwa, ana mapengo, jicho lake la kushoto bado limo ukunguni.

"Sasa unaniona?" akauliza.

"Si uso wote," nikamwambia. "Usiondoke hapo."